Pale Mzee Ndalahwa Aliponyamaza

Kimya cha Mzee Ndalahwa kilikuwa kimerefuka.

Evalina aligundua hilo Jumamosi mchana, akiwafundisha wanafunzi wake katika kituo cha historia za koo, chumba kilichopo nyuma ya kanisa mjini Bariadi. Alikuwa anawasikilizisha sauti ya mzee huyo, baba yake mdogo, aliyoirekodi kwa simu huko Nkololo, ili wajifunze jinsi ya kuwasikiliza wazee. Mzee alikuwa anawataja watoto wa babu yake. "Ngassa. Mwandu." Kisha alinyamaza, kwa muda wa kumeza mate. Kisha: "Bujiku, baba yangu. Na Kabula, wa mwisho."

Siku ya kurekodi kilikuwa cha muda wa kumeza mate, basi. Evalina hakuwa mtu wa kukosea mambo kama hayo. Lakini leo kile kimya kilitosha watu kuinua vichwa na kutazamana, na ndani yake mtu alivuta pumzi.

"Mwalimu, mzee wako kasinzia?" aliuliza Domitila, muuza dagaa wa Lamadi.

Darasa likacheka. Evalina alikumbuka somo la wiki iliyopita. Alikuwa amewaambia kwamba mzee akinyamaza, hapo pana mtu, na mtafiti haachi nafasi wazi. Ili waone mfano, alikuwa ameinamia simu pale pale kwenye kimya na kusema kwa sauti: "Wewe usiyetajwa, sisi ni ndugu zako. Njoo tukuandike."

Tangu siku hiyo mjukuu wake alikuwa hanyamazi.

Alikuwa mtoto mchanga wa binti yake Milembe, na hakuwa na jina bado. Kwao mtoto anayelia hupewa ziwa huku akitajiwa majina ya waliotangulia. Atakalonyamazia, hilo ndilo jina lake. Walikuwa wametaja ya upande wa baba yakaisha. Mtoto alikuwa amekauka sauti, anakonda, na zahanati hawakuona ugonjwa.

Evalina alipofika nyumbani Jumamosi hiyo, alikuta sebule inanuka kibuyu cha maziwa kilichofungwa muda mrefu. Nyumba ile haikuwa na kibuyu.

"Mama, unaisikia hiyo harufu?" Milembe alinong'ona.

"Naisikia. Mpe ziwa. Tujaribu upande wetu."

Akaiwasha simu, sauti ya mzee ikatoka. Ngassa, mtoto akalia. Mwandu, akalia zaidi. Kisha kikaja kile kimya, na mtoto akanyamaza. Evalina akasubiri jina la Bujiku lifuate, lakini halikufuata, na kimya kikaendelea huku bati likilia kwa joto juu yao na ile harufu ikisogea kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, hadi kwenye kanga iliyomfunika mtoto, na pumzi ile ikavutwa tena, karibu, kama ya mtu aliyekimbia umbali mrefu akifuata ng'ombe wa kwao, ndipo sauti ya msichana, iliyokauka kwa kiu, ikataja jina.

Mtoto akaliachia ziwa na kutabasamu.

"Mama, zima!"

Evalina alizima. Alikuwa amelisikia jina waziwazi. Alipotaka kulitamka, halikuwepo. Yeye, aliyejua majina ya watu waliokufa kabla hajazaliwa, hakuweza kukumbuka hata lilianza na herufi gani.

Kesho yake Mzee Ndalahwa akaletwa kwa bodaboda. Domitila naye alikuwa amekuja kumjulia hali mtoto. Mzee hakungoja kusalimiwa.

"Nilikwambia ile nafasi uiache, mwanangu."

"Hukuniambia sababu, baba mdogo."

"Sababu haisemwi mbele ya simu." Akakaa. "Alikuwa dada yake baba. Mwaka wa njaa walihama na mifugo kutoka Lingeka, yeye akaumwa miguu. Wakamwacha kwenye mji uliohamwa, yu hai, wakamwambia watamwita wakifika penye maji. Hawakumwita. Waliona wakimwita, ataitika, na wataitazama vipi sura yake? Kwa hiyo tunapotaja, pale kwake tunanyamaza. Kimya kile ndicho tambiko lake. Wewe umemwita."

"Kwetu ziwani hilo tungeliita jini," Domitila alisema polepole. "Tungemtafuta mtu alitoe."

"Jini ni mgeni, hutolewa. Huyu yuko kwao. Utamtoa aende wapi?"

Hata hivyo mzee alijaribu. Alichanganya maji na unga wa mtama, akampulizia mtoto kwenye paji la uso, akawaomba masamva, wazee wa ukoo waliolala, wampokee kwa jina la Kabula. Mtoto akalia kila jina lilipotajwa. Mzee alipofika mahali pa kunyamaza, mtoto naye akanyamaza, akamtazama mzee moja kwa moja, kwa namna ambayo mtoto wa umri ule hatazami. Mzee akaweka bakuli chini.

"Msiache kimya karibu naye," alisema. "Sina lingine."

Sauti ya mzee ilifutwa kwenye simu. Zahanati wakaandika Kabula. Mtoto akanenepa, akawa halii, na redio katika nyumba ile haikuzimwa tena.

Mchana mmoja Milembe alikuwa uani akianika nguo, umeme ukakatika. Redio ilikufa katikati ya neno. Ile harufu ya kibuyu ikapanda. Evalina aliona macho ya mtoto yakigeuka kuelekea kwake na ile midomo midogo ikifunguka, ikisubiri, naye akajua lazima aseme kitu, chochote, upesi, na hofu ikamletea kinywani kile tu alichokijua kuliko vyote.

"Ngassa," alisema. "Mwandu."

Kisha, kama watu wote wa ukoo wake, akameza mate.

"Abee," mtoto akaitika.