Jina Juu ya Faili

Jina ambalo Nyaga alilifuta Jumatatu lilikuwa limerudi Jumanne asubuhi, mahali pale pale, mstari wa kwanza wa faili, penye jina la mwandishi: Njuki.

Hilo lilimkera kabla ya kumtisha. Kwa miaka tisa yeye na Njuki walitunza maktaba ya C, yaani msimbo wa pamoja, ya mfumo mmoja wa kompyuta wa Unix, kila mmoja akiwa nyumbani kwake hapa Kanyakine. Programu zote za mfumo huitegemea maktaba hiyo, hata kusoma faili tu. Njuki ndiye aliyeandika sehemu inayogawa kumbukumbu ya mashine, na watu wa ng'ambo walimsifu yeye, Njuki, Njuki, huku Nyaga akirekebisha hitilafu zake kimya kimya. Machi, Njuki akafa. Hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo hapakuwa na mjukuu wa kuja kuitwa jina lake. Lilibaki kwenye faili tu, na hata huko Nyaga alilionea wivu, wivu mtupu wa kumwonea marehemu.

Akalifuta tena, akaandika lake. Jumatano likarudi. Rekodi ya mabadiliko ilionyesha hakuna aliyegusa kitu. Alhamisi, saa nane mchana, kuku wakiparua nje, chumba kilijaa harufu ya miraa na chingamu, vile Njuki alivyonuka siku zote, na vitufe vya kompyuta vikaanza kushuka kimoja kimoja bila kidole, huku Nyaga amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hawezi kuingia wala kukimbia, mpaka maneno yakakamilika: Wewe uko na mtoto anakuja. Mimi niko na huu mstari pekee.

"Baba Linda," mkewe Ednah aliita kwa sauti ya chini kutoka jikoni, mkono juu ya tumbo la miezi tisa. "Nani ako huko ndani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona basi huingii?"

Mwingine angeacha. Nyaga alilifuta jina kila mahali, akatoa toleo jipya, dunia ikalipakua. Halikurudi. Alilala vizuri wiki nzima, kisha Ednah akajifungua kijana wao wa kwanza, wa kuitwa Mbae, jina la babake Nyaga. Mzee alikuwa amemngoja miaka saba.

Hospitalini, Nyaga alisoma kadi ya mtoto. Njuki.

"Nani aliandika hii?" alinong'ona.

"Si ni wewe ulinipigia asubuhi? Ukasema tumwite Njuki, mzee amekubali. Nikakuuliza mbona unaongea ukitafuna, ukacheka tu."

Nyaga hakuwa amepiga simu. Alimwinamia mwanawe, akasikia harufu ya miraa. Chini ya blanketi vidole vidogo vilikuwa vikigonga, kimoja kimoja.

"Ifute, Mama Linda. Andika Mbae."

Ednah alianza kulia.

"Mzee alikuja, akasoma, akaenda bila kuniaga. Nimeifuta mara mbili. Inarudi."