Hodi ya Saa Nane

Rangi ilikataa kukauka. Jambo lenyewe dogo, na Fundi Cheche, ambaye alianza kuchomelea vyuma kabla hajaota ndevu, aliilaumu rangi kwanza, kisha akamlaumu aliyemuuzia, mwisho akalaumu unyevu wa hewa, ingawa jua lilikuwa linachoma utosi. Geti zima lilikuwa limekauka tangu juzi, isipokuwa ule mlango mdogo wa waenda kwa miguu. Pale, usawa wa kifua, palibaki alama mbichi ya ukubwa wa kiganja. Aliipaka upya mara tatu. Alipoigusa, vidole vyake vilitoka na tope.

Alijifuta upesi kwenye suruali, akaangaza macho huku na huku kama kuna aliyemwona.

Geti hilo liliugawa mtaa hata kabla halijachomelewa. Miezi mitatu nyuma mto ulifurika, ukasomba nyumba za bondeni. Walionusurika walihamia kwenye mahema uwanja wa shule, na kila siku walikatiza barabara ya mtaa wa juu kwenda kuchota maji. Mwenyekiti wa mtaa, mama mwenye sauti ya kengele, akaitisha kikao.

"Hatuwajui hawa," alisema. "Leo wanapita, kesho watatuingilia ndani."

"Hamuwajui?" akadakia mkunga mstaafu, ambaye hakuwahi kungoja kupewa nafasi ya kusema. "Nusu yao nimewapokea mimi kwa mikono hii. Semeni tu mnaona haya kuwatazama usoni."

Wakaguna. Mikono ilipohesabiwa, geti likapita. Mkono wa Cheche ulitangulia yote.

Kuna jambo hakulisema. Ule mlango mdogo haukuwa mpya. Ulikuwa mlango wa karakana yake mwenyewe, iliyo mwanzo wa mtaa, pale barabara inapopanda kutoka bondeni. Tangu mafuriko hakuweza kuutazama, na kuutupa aliogopa kuulizwa sababu. Kazi ya geti ilipomwangukia, aliona ndipo pa kuuficha. Akaukata kidogo kando, akauchomelea bawaba, akaupiga rangi ya kijani, akashusha pumzi.

Siku ya nne tangu geti lisimame, saa nane mchana, mlinzi wa geti alimjia anatweta.

"Fundi, geti lako lina nini? Mtu anabisha. Nikifungua, hamna mtu. Nikifunga, anabisha."

"Upepo huo."

"Upepo gani unapiga hodi?" mlinzi akanong'ona. "Mimi nina watoto, fundi. Njoo usikie mwenyewe."

Cheche alikwenda. Hakukuwa na upepo wa kutikisa hata jani. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Ilikuwa sauti ya pete ikigonga chuma, na alikuwa anaijua. Harufu ya mto ilimjia, tope lililochanganyika na mafuta ya taa, na chini ya mlango maji yakaanza kupenya, machache, meusi, kisha juu ya lami kavu ukatokea unyayo mmoja mtupu, na wa pili mbele yake, na wa tatu, ukipanda mtaa polepole kama anayepanda ana mzigo mgongoni, ukapita duka, ukapita kwa mwenyekiti, ukapita kwa mkunga, na yeye akiufuata, akiomba moyoni upinde kwa mtu mwingine yeyote, hadi ulipofika kwake ukaingia ndani.

Mkewe alikuwa amesimama chumbani, uso ukutani, gauni linamchuruzika maji. Aligonga ukuta kwa pete yake ya ndoa, mara tatu, mara tatu.

"Hodi, jamani," alisema kwa sauti isiyo yake. "Hodi hapa. Pokeeni hata mtoto."

Kisha akakohoa, na kinywani likatoka tope.

Mganga aliitwa. Alifika kwa baiskeli, miwani ya kusomea puani, na nusu ya mtaa ikamfuata ndani. Alifukiza ubani, akasoma, akaamuru. Mgonjwa alizidi kukohoa. Midomo ikaanza kuwa ya bluu.

"Hili ni jini la mtoni," mganga alisema. "Limeokota sauti ya marehemu kwenye maji. Sema, wewe! Unataka nini?"

"Sikuvunja kwa mtu," ilisema ile sauti. "Nilibisha. Ndani alikuwamo mtu. Alikohoa."

"Nani alikohoa?"

"Yumo humu."

Mganga alivua miwani, akawatazama mmoja mmoja. "Mwenyewe aseme. Huyu mama anazama hapa hapa mbele yenu, na mimi sina dawa nyingine."

Cheche aliona aibu hata kabla hajafungua kinywa. Alimtazama mkewe akihangaika kuvuta pumzi kwenye chumba kikavu.

"Ni mimi," alisema. "Siku ya mafuriko, saa nane mchana, nilikuwa karakanani. Nilisikia hodi. Nikasema moyoni, nikimfungulia mmoja wataingia wote, na vifaa vyangu vimo mle. Nikajiziba mdomo. Kikohozi kikaniponyoka. Akaacha kubisha, akangoja. Akasema, 'Ndugu yangu, nimekusikia.' Akangoja tena. Halafu maji yakaja, yakamsomba pale mlangoni. Mke wangu nilimwambia sikusikia kitu, mvua ilikuwa na kelele."

Mkewe alitapika maji meusi ndoo nzima, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Yalikuwa macho yake sasa. Alimtazama mumewe, akamgeuzia mgongo.

"Lakini kweli," mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo, "siku ile mvua ilikuwa na kelele sana."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu waliinamisha vichwa, wakawa wanatazama viatu vyao, na mkunga peke yake ndiye aliyelia.

Jioni ile Cheche aliukata ule mlango. Geti likabaki na pengo katikati, na hakuna aliyethubutu kuitisha kikao kingine. Watu wa bondeni walipita hapo na ndoo zao. Aliwasalimu, wengine wakamwitikia, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana.

Wiki mbili baadaye, mchana, wingu zito liliganda juu ya mtaa. Cheche alirudi nyumbani akakuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani. Saa nane ilikuwa imegonga.

"Hodi, mke wangu."

Akabisha tena, mara tatu. Pale alipoegemeza mkono, usawa wa kifua, rangi ya mlango ilikuwa mbichi.

Ndani mtu alikohoa, mara moja, kikohozi cha anayejiziba mdomo.

Cheche aliegemeza paji la uso mlangoni.

"Mke wangu," alisema, "nimekusikia."

Alingoja. Akangoja tena. Nyuma yake mvua ikaanza kunyesha.