Malizia Wewe

Kikopo cha mafuta kilikuwa kimeisha, na kesho asubuhi Kidoti alitakiwa kusimama kaunta.

Hilo ndilo lililomtoa karakana mapema jioni ile. Kazi yake ilikuwa kukata lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, mlango umefungwa, mashine ikinguruma, vumbi la kioo likimganda kwenye nyusi. Kazi aliipenda. Lakini kaunta ndiyo ingemwezesha kupanga chumba chake mwenyewe, na mwenye duka alikuwa amemwambia kwa upole uliouma kuliko tusi:

"Binti yangu, pale mbele kuna vioo kila upande. Mteja anakuja kujitazama. Kesho simama pale nikuone. Uso ukiwa umetulia kidogo, nafasi ni yako. Usipotulia, nitamweka yule mwingine, na usininunie."

Uso haukuwa umetulia. Chunusi zilimjaa kwenye paji na kwenye mataya, na kila iliyokauka iliacha shimo au doa jeusi. Jina la Kidoti alilipata utotoni, kwa ajili ya doa dogo la kuzaliwa kwenye shavu la kushoto. Fundi mwenzake alikuwa amelirekebisha. "Siku hizi wewe si Kidoti tena, shoga. Wewe ni Vidoti." Mafundi wote walicheka, naye akacheka pamoja nao. Angefanya nini?

Si kwamba hakujitunza. Muuza dawa wa pale kona, mama mwenye haraka asiyependa maneno mengi, alikuwa amempa utaratibu wa mtu asiye na kitu mfukoni. Sabuni isiyo kali, asubuhi na jioni, basi. Dawa ya tyubu, kiasi cha punje ya dengu. Kujikinga na jua. Foronya safi. Kutotumbua, hata ikiwasha vipi. Kidoti aliufuata bila kuruka siku. Tyubu ikiisha aliipasua kwa wembe na kukwangua kilichobaki. Mara ya mwisho muuza dawa alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akakunja uso.

"Ulipaswa uwe umeshapona. Kuna kitu kingine unapaka?"

"Mafuta ya Dada tu."

"Ya wapi?"

Kidoti hakujua ya wapi.

Aliishi kwa dada yake tangu Mama alipofariki. Dada alikuwa msusi, mcheshi, mwepesi wa mikono, mwenye uso kama kioo kilichofutwa sasa hivi. Hakuwa hivyo zamani. Alipokuwa msichana alijifunga mtandio hadi puani ili watu wasimwone mashavu. Ngozi yake ilisafika mwaka uleule aliomchukua mdogo wake. Watu walisema ni umri.

Mafuta yalikuja kwenye kikopo cha bati kisicho na maandishi. Dada alianza kupaka yeye. Yalipobaki ya kukwangua, alikisukuma kikopo upande wa pili wa meza. "Malizia wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye mwenye shida." Kila mara. Hata binti yake Dada, mtoto wa chekechea aliyeitwa Kasuku kwa sababu hakuna neno lililopita masikioni mwake bila kurudi mdomoni, alikuwa ameshaigiza. Alimkabidhi mwanasesere wake ganda la ndizi na kusema kwa sauti ya mama yake hasa: "Malizia wewe, mdogo wangu!" Walicheka mpaka Dada akatokwa na machozi.

Kidoti alimalizia kwa kidole kidogo, akikizungusha pembeni hadi bati linang'aa. Katika umaskini wao, hakuna aliyempa kitu kizuri zaidi ya hicho. Kisha Dada alikichukua kikopo kikiwa hakijaoshwa, maana muuzaji alipunguza bei kwa anayerudisha chake kama kilivyo, akaenda kujaziwa. Siku zote alikwenda mwenyewe. "Yule mama hapendi wageni," alisema.

Jioni ile Dada alikuwa amekwenda kumsuka bibi harusi. Kidoti alimuuliza Kasuku, ambaye aliwahi kubebwa huko.

"Kwa Mama Vikopo? Nyuma ya duka la cherehani lililofungwa. Unashuka ngazi. Usimwambie Mama kama nimesema."

Kidoti alimwacha kwa jirani, akaweka kikopo mfukoni, akatoka.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majengo, lakini mwanga ulikuwapo bado. Duka la cherehani alilipata. Ngazi alizipata. Zilishuka kwenye ukumbi mwembamba wenye harufu ya nta, ya maua yaliyokaa majini kupita siku zake, na chini ya hayo harufu nyingine… ya bandeji inapofunguliwa.

Mlango ulikuwa wazi.

Ndani, rafu zilipanda hadi darini, na kila rafu ilijaa vikopo. Vyote vya bati. Vyote bila maandishi. Mwanamke mmoja aliketi katikati, mikono juu ya mapaja. Umri wake haukusomeka. Uso wake haukuwa na mkunjo, haukuwa na kitundu cha jasho, haukuwa na unywele. Ulikuwa laini kama yai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kilete."

Alikifungua, akakinusa. Alikiinamisha kuelekea kwenye mwanga wa mlango, na Kidoti akaona kwa mara ya kwanza kile ambacho vidole vyake vilikuwa vikikigusa siku zote. Utando mwembamba uliobaki kwenye bati ulikuwa na vitundu. Vitundu vidogo vidogo, vimepangika kama vya ngozi. Kwenye ukingo ulikuwa na unywele mmoja.

"Nani alianza hiki?" mwanamke alinong'ona.

"Dada yangu."

"Nani alimalizia?"

"Mimi."

Mwanamke alimtazama, kisha akashusha macho hadi kwenye kidevu chake. "Na hilo kovu ulianguka wapi?"

Kidoti alijigusa. Kovu lilikuwapo, jembamba, lililopinda kama ukucha. Alidhani ni chunusi iliyopona vibaya.

"Sikuanguka."

"Najua. Aliyeanguka ni mama yako, akiwa mdogo, juu ya chupa."

*Tk.*

Sauti ilitoka kwenye rafu. Kifuniko kimoja kiliinuka kidogo, kikashuka. Kisha kingine. *Tk… tk…* Kama vitu vinavyovuta pumzi.

Kidoti alikuwa akiikumbuka picha ya Mama iliyotundikwa nyumbani, Mama akiwa msichana. Kwenye kidevu ilikuwa na mstari. Miaka yote alidhani ni mkwaruzo wa picha. Na alimkumbuka Mama siku ya kumwosha: kidevu kitupu, mashavu laini, wanawake wakisifu kwa kunong'ona kwamba marehemu amerudi usichana.

"Anayeanza anachukua uso," mwanamke alisema, bila ubaya wowote, kama anayeeleza namna ya kupika uji. "Anayemalizia anachukua yaliyobaki. Hayapotei, binti. Yanahama tu. Mama yako alianza, dada yako akamalizia. Dada yako akaanza, ukamalizia wewe."

"Dada hajui."

"Aliniuliza. Nilimjibu."

Alichota mafuta kwenye chungu, akakijaza kikopo, akakifunga, akakiweka katika kiganja cha Kidoti. Bati lilikuwa na joto.

"Leo umekuja mwenyewe, kwa hiyo leo unaanza wewe. Asipomalizia mtu kabla jua halijachomoza, yanakurudia yote maradufu. Na si mtu yeyote. Mgeni hafai. Adui hafai." Aliinama karibu. "Amalizie anayekuamini."

Kidoti hakukumbuka kuzipanda zile ngazi.

Dada alikuwa ameketi mezani, taa haijawashwa, kitana bado mkononi. Kasuku alikuwa ameshachukuliwa kutoka kwa jirani, amelala kitandani nyuma ya pazia.

"Bibi harusi wa leo kichwa kama jiwe la kusagia," Dada alianza. "Nimemsuka hadi vidole…" Kisha akakiona kikopo.

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Kidoti alikiweka kikopo mezani.

"Ulijua," Kidoti alisema.

"Mdogo wangu…"

"Ulijua, Dada. Kila uliponisukumia."

Dada hakukana. Hilo ndilo lililomchoma Kidoti, kwamba hakujaribu hata kudanganya. Alitazama picha ukutani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya msichana aliyejifunga mtandio.

"Mama naye alijua. Mimi nimemalizia vya Mama tangu navunja ungo. Alikuwa ananifuta mdomo kwa khanga yake, ananiita roho yake, ananisukumia kikopo. Nilidhani ni mapenzi."

"Na mimi nilidhani hivyohivyo."

Dada alianza kulia, kimya, bila kujifuta. Kidoti aliyatazama yale machozi yakiteleza kwenye mashavu yasiyo na hata doa, mashavu ambayo kwa haki yalikuwa yake, na akaona kwamba hawezi kumhurumia. Alikitafuta hicho kitu ndani yake kama mtu anayepapasa swichi gizani. Hakikuwapo.

"Nisikilize," Dada alinong'ona. "Kesho una kaunta yako. Paka. Anza wewe, nitamalizia mimi. Nirudishie yangu yote, na ya Mama juu. Ninastahili."

"Utamalizia?"

"Naapa kwa kaburi la Mama. Nitamalizia kabla hakujapambazuka. Lala."

Hapo ndipo Kidoti alipokosea. Maneno ya yule mwanamke aliyasikia vizuri, tena aliyakumbuka: asipomalizia mtu, yanarudi maradufu. Ya mwisho tu ndiyo aliyoyapita haraka. Alikuwa amechoka na uso wake. Alikuwa amechoka kucheka na watu wanaomcheka. Alifungua kikopo, akapaka paji, mataya, kidevu, mashavu, taratibu, kama muuza dawa alivyomfundisha, bila kusugua. Mafuta yaliingia kwenye ngozi kama maji kwenye mchanga. Alipobakiza ya kukwangua, alikisukuma kikopo upande wa pili wa meza.

Dada alikipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi Kidoti alijigusa kabla ya kufumbua macho. Paji lilikuwa laini. Mataya yalikuwa laini. Kidevuni hakuna mstari. Alikimbilia kioo kidogo cha juu ya beseni, na mtu aliyemtazama kutoka mle alikuwa mzuri kiasi kwamba Kidoti aligeuka nyuma kuona ni nani. Hakuwa na shimo wala doa.

Hata moja.

Alisogea karibu zaidi. Alijishika shavu la kushoto, akalivuta. Lile doa la kuzaliwa, lililompa jina kabla hajajua kuongea, halikuwapo.

Nyuma yake, mlangoni, Dada alikuwa amesimama tayari kwa kazi, mkoba begani. Uso wake ulikuwa kama kioo kilichofutwa sasa hivi.

"Dada… mbona uso wako…"

"Nilijaribu." Dada hakumtazama. "Nilikwangua chote, nikapaka. Hayakuingia, yalibaki juu juu kama maji kwenye majani. Nilijua kwa nini. Uliponiangalia jana, nilijua wewe hutaniamini tena, na mimi… mimi nitakuamini vipi, na unavyonichukia? Nikayakusanya tena, nikayarudisha kwenye kikopo. Na jua lilikuwa linakuja. Yangekurudia maradufu, mdogo wangu. Nilikuonea huruma."

"Nani amemalizia?"

Dada alirekebisha mkanda wa mkoba.

"Dada. Nani amemalizia?"

"Utachelewa kaunta," Dada alisema, akatoka.

Pazia la kitanda lilitikisika. Kidoti alilishika, akasimama nalo mkononi. Kutoka upande wa pili ilisikika sauti ndogo ya ukucha ukizunguka ndani ya bati, pembeni kabisa, pale panapobaki mafuta ambayo mtu mzima huyaacha.

*Kr… kr… kr…*

Alilifungua.

Kasuku alikuwa ameketi katikati ya shuka, miguu imekunjwa, kikopo mapajani, mashavu yaking'aa. Chini ya mng'ao huo, kwenye paji la mtoto ambaye hajaota hata meno ya ukubwani, vipele vilikuwa vikijipanga, vyekundu, kimoja baada ya kingine. Kidevuni mstari mwembamba, uliopinda kama ukucha, ulikuwa ukijichora polepole.

"Mama amenipa," alisema kwa furaha. "Amesema ni zawadi, imetoka kwako. Amesema nimalizie yote, nisibakize."

Kidoti alipiga magoti. Alichota maji ya beseni, akachukua ile sabuni isiyo kali, akaanza kumwosha kwa ncha za vidole, taratibu, bila kusugua, kama alivyofundishwa. Povu lilishuka jeupe. Hakuna kilichotoka.

"Mama Mdogo, mbona unalia? Angalia!" Mtoto alikifunga kikopo, akamgeuzia shavu la kushoto, akaligusa kwa kidole kilichojaa mafuta, akitabasamu. "Sasa mimi ndiye Kidoti."

Mapajani mwake, kikopo kitupu kiliinua kifuniko chake kidogo, kikakishusha.

*Tk.*