Kiigizi cha Tisa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwewe alichomoka kwenye mawingu juu ya bonde la Kilombero na kuanza kuifukuza ndege ya wajumbe.

Watu kumi na wawili waliokuwa katika chumba cha uangalizi cha Taasisi ya Ngao za Anga, jijini Iringa, waliacha kunywa chai. Mbele yao, juu ya meza ya duara, ilielea ramani-hewa, yaani anga yote ya kusini iliyochorwa kwa mwanga, milima ikiwa na kimo cha vichuguu na ndege zikiwa na ukubwa wa punje za mpunga. Punje ya kijani ilikuwa ndege iliyobeba wajumbe mia mbili na kumi na wawili kwenda Songea, kutia saini mkataba wa kumaliza vita vya mpakani. Punje nyekundu ilikuwa mwewe, silaha isiyo na rubani, yenye urefu wa mkono wa mtu, iliyorushwa na wale ambao amani ingewakosesha kazi. Mwewe hunusa joto la injini, husikiliza mlio wake, na akishachagua ndege yake hababaishwi na nyingine.

"Kiigizi," alisema Dakta Emilian Luambano, mkuu wa taasisi, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi mezani.

Injinia Veneranda Kikoti alibonyeza kitufe. Kiigizi alikibuni yeye, na kilikuwa kimekula miaka saba ya maisha yake. Kilikuwa kisanduku kisichozidi debe la mafuta, na kazi yake ilikuwa kunakili nafsi ya ndege moja, joto lake, mlio wake, mwangwi wake kwenye rada, na kuivisha chambo kinachoruka mahali pengine. Wakati huohuo ndege yenyewe hufunikwa na kunyamazishwa, mwewe asiione tena.

Punje nyekundu ilisita. Kisha ikageuka, ikaiacha ndege ya wajumbe, ikaifuata punje ya kijivu iliyokuwa kaskazini yake. Ilichukua sekunde arobaini. Punje mbili zikagusana, zikazimika pamoja.

Chumba kizima kilishangilia. Mzee wa mitambo, ambaye hata harusini kwake inasemekana hakucheka, alimkumbatia mlinzi. Veneranda naye alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Wajumbe wote walikuwa hai, na mkataba ungetiwa saini mchana.

Alipoinama kuandika taarifa ndipo alipoona uzito wa chambo. Vyambo vya taasisi viliitwa vishada, na kila kishada kilikuwa na kilo thelathini, ganda tupu lenye mabawa. Ramani-hewa ilionyesha kwamba kilichozimika kilikuwa na tani sita.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Miezi mitano kabla ya asubuhi hiyo, mwewe walikuwa wameacha kudanganyika. Vishada viliruka vikiwa na nafsi za ndege kubwa, nao mwewe wakavipita kama hawavioni. Veneranda ndiye aliyegundua sababu. Kishada huruka kwa kunyooka mno. Mkono wa binadamu ukishika usukani hutetemeka kidogo, husahihisha, hukosea, husahihisha tena, na mwewe walikuwa wamejifunza kuutafuta mtetemo huo. Walitaka ndege yenye mtu ndani. Alijaribu kuitengeneza mikono ya bandia mara nane, na viigizi vyote vinane vikashindwa. Kisha Dakta Luambano akatangaza kwamba cha tisa kitafanya kazi, kwa kuwa suala la mkono yeye ameshalimaliza. Veneranda alifurahi, na kwa uchovu aliokuwa nao hakuuliza limemalizwaje.

Sasa aliuliza.

"Dakta, hiki kishada kina tani sita?"

Luambano alikuwa akikunja mikono ya shati. Hakumtazama. "Njoo ofisini, Vene."

"Nijibu hapahapa."

"Ndege ya damu," alisema Luambano. "Ile inayopeleka damu hospitali za kusini kila asubuhi."

Rubani wa ndege ya damu alikuwa Ladislaus Kikoti, mdogo wake Veneranda wa kufuatana naye.

Veneranda alisimama, akakaa, akasimama tena. Wenzake walikuwa bado wakipongezana, na mmoja alimletea kipande cha keki. Alikishika kipande kile mkononi bila kujua ni nini. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha kitoto kabisa: "Lakini Ladi hajui chochote kuhusu viigizi."

"Angejua, mkono wake ungebadilika," alijibu Luambano. "Na wewe nilikuambia. Jumatatu, kantini. Ukatia saini."

Ni kweli. Alikuwa amemwambia.

Luambano alikuwa Mngoni, na Veneranda alikuwa Mhehe. Mababu zao walichinjana vibaya sana katika karne ambayo hakuna anayeikumbuka, wakachoka, wakafanya utani. Tangu hapo Mngoni na Mhehe hutukanana mchana kweupe na hakuna anayeruhusiwa kununa. Katika mji ule wa treni za angani na madaktari wa mashine, utani ulikuwa haujapungua hata chembe. Kwa miaka saba Luambano hakuwahi kumwita Veneranda kwa jina kantini. Alimwita mateka. Alimpokonya nyama kwenye sahani, naye Veneranda akamwekea pilipili kwenye chai, na waliokuwa karibu wakacheka. Veneranda alipofiwa na mama yake, Luambano ndiye aliyelala matangani siku tatu akichota maji. Veneranda alimwamini kuliko alivyowaamini ndugu zake wengi, na sisemi hivyo kwa kukuza mambo.

Jumatatu ile, Luambano alikuja mezani kwake na karatasi na kalamu. Sheria ya taasisi ilitaka kiigizi kisifungwe popote bila mbunifu wake kujulishwa kwa mdomo na kutia saini.

"Haya mateka, tia kidole chako hapa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kiigizi cha tisa nakifunga kwenye ndege ya mdogo wako. Mwewe akija, ale Mhehe kwanza, wajumbe wapite."

Kantini nzima ililipuka kwa kicheko.

"Akimla Ladi atavimbiwa, afe," alijibu Veneranda. "Mngoni wewe, hata mwewe mnawatuma kazi zilizowashinda babu zenu!"

Akatia saini huku akifuta machozi ya kucheka. Karatasi hakuisoma. Nani husoma karatasi ya mtani?

Siku ya pili baada ya shambulio, mnara wa kuongozea ndege ulimpelekea sauti ya mwisho ya Ladislaus. Chumba cha uangalizi hakikuisikia siku ile kwa sababu mkuu alikuwa ameagiza masafa mengine yote yafungwe, ati yasiwavuruge. Veneranda aliisikiliza mara moja tu, akiwa amekaa sakafuni nyumbani kwake, mgongo ukiwa ukutani.

Walimzika Ladislaus kijijini Kalenga siku ya tatu, asubuhi ya baridi na jua kali. Jenezani mlikuwa na kidogo sana, na shangazi Oliva alikuwa amekataza watu kuuliza. Watani wa Kingoni walikuwa wameshafika, kama inavyotakiwa, maana kwa Wahehe msiba usio na watani ni msiba uliosusiwa. Walinyang'anya majembe, wakakalia kiti cha padri, wakadai jogoo kabla ya kaburi kuchimbwa. Waombolezaji walicheka huku wakilia, na ndiyo kazi ya watani.

Kisha Luambano akaja.

Alivaa kofia ya Ladislaus, ile ya bluu yenye nembo ya tone la damu. Pengine aliichukua kwenye vitu vilivyorudishwa kutoka uwanjani. Mtani huruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili watu wamwone mara moja ya mwisho. Luambano alijua kuigiza. Alipita kati ya waombolezaji kwa mwendo uleule wa Ladi wa kutupa mguu wa kushoto, akakunja kiganja mdomoni kama kinasa sauti.

"Mnara, mnara, hapa Kikoti! Nina chupa mia nne za damu na njaa ya kwangu mwenyewe. Chai iwekwe jikoni!"

Kilio kiliwapanda watu na kicheko kikakifuata. Shangazi Oliva alijipiga mapaja akisema, "Ndiye! Ndiye huyo mwanangu!" Hata Veneranda alimwona Ladi kwa nusu sekunde, mzima, akitafuta mahali pa kuegesha pikipiki. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Yule mtu alikuwa amemvisha Ladi nafsi ya ndege isiyo yake, na sasa amejivisha ya Ladi.

Aliinuka kwenye mkeka.

"Kamwene, mtani," alimsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mateka wangu," alijibu Luambano, na macho yake yakayumba.

"Umemwigiza vizuri. Lakini hujamaliza. Mwigize na alipokufa."

Watu wakadhani ni utani. Wachache walicheka.

"Vene..."

"Huyajui maneno? Nitakufundisha. Sema hivi." Veneranda alikunja kiganja mdomoni, na sauti yake haikutetemeka. "'Mnara, hapa Kikoti. Kuna mwewe ananifuata mimi. Mimi nina damu tu humu ndani. Mwambieni dada Vene anitazamie, yeye anajua vitu hivi. Mwambieni dada haraka.' Haya, sema. Tunakusubiri."

Hakuna aliyecheka tena. Jogoo wa watani, aliyefungwa miguu, alipapatika kwenye vumbi.

Luambano aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Watu mia mbili na kumi na wawili," alisema kwa sauti ndogo. "Vita vimekwisha. Na nilikuambia, Vene. Mbele ya watu. Sikukuficha."

"Uliniambia kwa mdomo wa mtani, kwa kuwa ulijua ndio mdomo pekee ambao sitausadiki. Ungekuja kama mkuu wangu ningekukatalia. Ungekuja kama rafiki ningempigia Ladi simu. Ukachagua utani, ukanifanya nimcheke ndugu yangu akiuzwa."

Shangazi Oliva aliangalia huku na huku. "Anasema nini huyu mtoto? Dakta, anasema nini?"

Luambano aliigeuza kofia mikononi, akaikazia macho nembo yake.

"Shangazi, ndege ya Ladi aliifanya chambo yeye," alisema Veneranda. "Na karatasi niliitia saini mimi, nikicheka. Kesho naipeleka kwa hakimu mwenyewe, na jina langu likiwa chini. Yote mawili uyajue leo, kabla hujatupa udongo."

Shangazi Oliva alinyoosha mkono, na Luambano akampa kofia. Shangazi aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaiweka juu ya jeneza.

Wangoni wengine walikuwa wamesimama upande wao. Mkubwa wao, fundi wa mabomba kutoka Peramiho ambaye Luambano hakumjua wala hakumkosea, aliinama akamfungua jogoo miguu. Akayarudisha majembe kwa wenyewe, moja moja, kwa mikono miwili, bila kudai kitu.

Ladislaus Kikoti alizikwa bila mtu kutaniwa. Udongo ulisikika wote, koleo baada ya koleo, na watoto waliokuwepo waliwauliza mama zao kwa nini watani hawasemi.