Jina Lililoingia Bombani

Jua lilikuwa linazama Hamisa alipojitwika kapu la chakula cha mumewe, akashika njia ya bwawa, nje kidogo ya Mnyuzi. Mhina, mumewe, ndiye aliyeangalia mtambo wa umeme. Hakuchoka kueleza: ukuta unazuia maji ya mto, maji yanashuka bombani kwa kasi, yanapiga mapanga ya mtambo, mtambo unazungusha jenereta, na nyaya zinapeleka umeme majumbani.

Majumbani kwa wengine. Nguzo ya mwisho iliishia kwa Shadya, mke mdogo. Hamisa, aliyeolewa miaka kumi na tisa kabla yake, alibaki na kibatari. Kila jioni aliitazama nuru ile ng'ambo ya korongo, akasikia redio, na siku zisizo za zamu akamsikia Mhina akicheka. Roho ikamuuma hadi akakosa usingizi.

Chini ya kapu alificha kifundo cha kitambaa cheusi. Mganga mmoja wa Ngombezi alimnong'oneza, "Kitie pale maji yanapoingia bombani. Taja jina. Nuru yake itazimika."

Alipofika ukutani aliinama. Maji yalinukia udi...

"Shadya," alisema.

Maji yakakinyakua kile kifundo. Kule chini mtambo ukapunguza mwendo... ukakohoa... ukanyamaza.

Ndani ya bomba sauti ya mwanamke ikarudia, taratibu, "Shadya..."

Kisha mtambo ukanguruma tena.

Hamisa alitupa kapu akakimbia, hakusimama hadi ng'ambo ya korongo. Taa ya Shadya ilikuwa inawaka vilevile. Akajiona mjinga, na wivu ukampanda upya.

Ndipo akamwona mke mwenzie mlangoni, akipapasa ukuta.

"Nani? Dada, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umeme umekatika kijiji kizima? Mbona giza hivi?"

Balbu iliwaka juu ya kichwa chake.

Hospitalini hawakuona kasoro machoni. Mhina alisafisha chujio la bomba, akakuta majani tu. Sasa Hamisa amehamia kwa Shadya. Anampikia, anamwogesha, anamshika mkono kwenda chooni. Analala kwenye nyumba yenye umeme, na hajamwambia mtu.

Juzi magharibi, Shadya aligeuza uso kuelekea bwawani.

"Dada, husikii? Kuna mtu anaongea kule bombani."

"Anasema nini?" Hamisa alinong'ona.

"Anauliza jina la aliyemtuma." Shadya akamtafuta mkono, akaushika. "Nimjibu nini?"