Safu ya Vituo Vidogo

Foleni ya duka la kuchapisha ilikuwa imevuka mlango na kushika nusu ya kibaraza. Mashine mbili kati ya tatu zilikuwa mbovu, na feni ilihamisha joto kutoka pembe moja hadi nyingine. Mtakwimu wa idara ya afya alisimama karibu na kaunta, amevaa gauni la kijivu lenye mifuko mikubwa, miwani ameipandisha kwenye nywele. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, na ilionekana.

Mwenye duka alitoa karatasi zenye joto kwenye mashine akamkabidhi mtu asiyehusika: mwanamume mrefu mwenye sare ya buluu ya wauguzi, kola imepauka kwa kufuliwa.

"Hizi si zangu," mwanamume alisema akiitazama ya juu. "Mimi nimeleta kadi za wagonjwa. Hili ni ghorofa."

"Lete hapa. Ni grafu."

"Ina madirisha kumi na mawili."

"Vidirisha. Kila kituo cha afya na chake. Ukivichanganya vyote kwenye grafu moja, mistari inasokotana kama tambi, hakuna anayeona kitu."

"Na sisi tunakaa wapi?"

"Ninyi nani?"

"Kituo kidogo, nyuma ya karakana za magari."

Alishusha miwani, akatafuta. "Safu ya mwisho, pembeni."

"Nilijua. Hata kwenye karatasi tumewekwa karibu na choo."

Mtakwimu alicheka, jambo ambalo hakuwa amelipangia siku hiyo. Muuguzi aliomba namba ya simu ili atumiwe nakala ya grafu. Hakuihitaji, na mtakwimu alijua kwamba hakuihitaji, lakini namba alitoa.

Yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka. Mtakwimu alimwita Nesi. Nesi alimwita Bibi Takwimu. Walionana jioni, kwenye benchi la kituo, kwa sababu Nesi alikuwa ameanzisha kliniki ya jioni kwa mafundi wasioweza kuacha kazi mchana. Wengi walikuwa wagonjwa wa presha walioacha dawa. Nesi aliwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja.

"Mzee wangu, ni nesi. Dawa zako zimeisha tangu wiki iliyopita... Najua hujisikii mgonjwa. Presha haibishi hodi, mzee. Njoo leo."

Mtakwimu alisikiliza simu hizo hadi usingizi ukamchukua, kichwa begani kwa Nesi.

"Mpenzi, umekoroma."

"Sikoromi. Hakuna data."

"Ninayo. Sampuli ni moja, lakini ilisikika mpaka barabarani."

Kisha bodi ya afya ikatangaza kwamba kliniki za jioni ni ghali. Zile zisizoonyesha mabadiliko zingefungwa, na wauguzi wake kuhamishiwa hospitali mpya, safari ya siku nzima kutoka hapo. Bodi ingeamua kwa kutazama ukurasa mmoja: idadi ya wagonjwa walioacha dawa, mwezi kwa mwezi, kituo kwa kituo. Kazi ya kuuchora ukurasa huo alipewa mtakwimu.

Katika programu yake uamuzi mkubwa ulikuwa neno moja tu: vidirisha vyote vishiriki kipimo kimoja cha wima, au visishiriki. Hospitali kuu ilikuwa na walioacha dawa mia nane. Kituo cha Nesi kilikuwa kimeshuka kutoka arobaini hadi kumi. Kwenye kipimo kilichofika mia nane, mteremko huo ulikuwa sawa na unene wa wino. Mtakwimu alichagua kipimo kimoja, akavipanga vituo kwa alfabeti, akajiambia kwamba hiyo ndiyo haki. Alituma rasimu vituoni kabla hajajiuliza swali la pili.

Nesi alipiga simu mchana.

"Bibi Takwimu, rasimu imefika." Sauti ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Niko wapi humu?"

"Safu ya pili, katikati."

"Jina la kituo nimeliona. Natafuta mstari. Nilidhani ni ukingo wa fremu."

"Namba zako zote ni sahihi. Nimezihakiki."

"Sijasema umekosea namba. Nasema bodi wataangalia, watasema hapa hakuna kilichobadilika."

"Wasome kipimo pembeni."

"Wazee wanane, na chai iko mezani, wasome kipimo pembeni?"

"Kipimo ni kimoja kwa wote. Nikikutengea chako watasema nakupendelea."

Upande wa pili mgonjwa mmoja alikohoa.

"Kumbe," Nesi alisema. "Umenilaza chini ili usionekane unanipenda."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nina watu wanasubiri."

Hakupiga tena. Aliamini kwamba msomi yule alikuwa akimwonea aibu, nesi wa nyuma ya karakana mwenye kola iliyopauka. Mtakwimu naye aliamini kwamba tangu mwanzo mtu yule alitaka kalamu yake, si yeye. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na wote wawili walikuwa wamechoka mno kuutafuta.

Shangazi wa mtakwimu alipiga simu Jumapili, kama kawaida yake.

"Na yule kijana wa suruali ya buluu?"

"Yuko kazini, shangazi."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Basi mtazaa kwa barua pepe, mwanangu."

Jumatatu mkuu wa kitengo alimwita. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeweka miguu yake iliyovimba juu ya katoni chini ya meza, na hakuiondoa kwa mgeni yeyote.

"Mwaka jana ulivipanga kwa ukubwa," alisema akigonga rasimu kwa kidole. "Hospitali safu yao, vituo vya kati yao, vidogo yao. Kila safu na kipimo chake. Mwaka huu umevimwaga kwa alfabeti. Kwa nini?"

"Kipimo kimoja ni rahisi kulinganisha."

"Tembo na sungura unawalinganisha ili ugundue nini?"

Mtakwimu alivua miwani. "Mkuu, mmoja wa hawa ni wangu."

"Wa nyuma ya karakana. Mdogo wangu, unakuja hapa unanuka spiriti ya vidonda, unadhani tuna mafua? Nakuuliza: kama usingemjua, ungechoraje?"

"Kama mwaka jana."

"Basi umependelea kinyumenyume, na huo pia ni upendeleo. Chora upya, mwenzako ahakiki. Na uwaambie bodi mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mtu mwingine."

Hilo hakuweza kulibishia. Alirudi mezani, akaongeza safuwima moja kwenye data yake: ukubwa wa kituo. Akaiambia programu ipange safu kwa ukubwa, na kila safu ishiriki kipimo chake. Vidirisha vilijipanga upya. Mstari wa kituo cha Nesi ulishuka kutoka juu hadi karibu na sakafu, bila kuongezewa hata nukta. Kando yake, kituo jirani ambacho kwenye rasimu kilionekana kimetulia, kumbe kilikuwa kinapanda: walioacha dawa waliongezeka kila mwezi. Aliutazama mstari huo wa pili kwa muda mrefu zaidi. Kwa sababu ya woga wake, hata wagonjwa wa pale walikuwa wamefichika.

Asubuhi ya kikao alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vilivyombana. Wajumbe walikuwa na ukurasa mpya mkononi.

"Kabla sijaendelea," alisema. "Muuguzi wa kituo hiki cha nyuma ya karakana nina nia ya kuolewa naye. Rasimu ya kwanza niliichora vibaya kwa sababu hiyo. Niliogopa kuonekana nampendelea. Hii imehakikiwa na mwenzangu bila mimi kuwepo."

Vijiko viliacha kugonga vikombe. Mjumbe mzee mwenye kifaa cha kusikia aliinama mbele.

"Yeye anajua?"

"Kuhusu grafu?"

"Kuhusu ndoa."

"Bado."

"Iandikwe kwenye muhtasari," mwenyekiti alisema, na ni mkuu wa kitengo peke yake aliyethubutu kucheka.

Bodi iliacha kliniki ya jioni iendelee mwaka mmoja. Muuguzi wa pili wa kumsaidia Nesi hawakutoa. Badala yake walimwongezea kituo jirani, siku mbili kwa wiki, akafundishe namna yake ya kuwafuatilia wagonjwa.

Simu ililia saa ya chakula cha mchana.

"Mkuu wako kanipigia," Nesi alisema. "Nasikia nimechumbiwa kikaoni, nami sikuwepo."

"Ulikuwa na wagonjwa."

"Ulisema mbele ya wote?"

"Wote wanane. Na mwandishi wa muhtasari."

"Nilidhani unanionea aibu."

"Niliona aibu kuonekana nina moyo. Wewe hukuwa na kosa."

Alipumua. "Bado nimeudhika, Bibi Takwimu."

"Najua."

"Na wameniongezea kazi."

"Ni grafu yangu iliyokuongezea. Hujanijibu."

"Kwenye simu sijibu. Njoo jioni."

Alikwenda bado amevaa blauzi ya kikaoni, viatu mkononi. Benchi lilikuwa limejaa mafundi wenye oili hadi kwenye viwiko. Mmoja alimsogezea nafasi.

"Dada, unamsubiri nesi?"

"Ndiyo."

"Presha?"

"Kitu kama hicho."

"Atakuchelewesha. Anaongea sana."

Mlango ulifunguliwa. Nesi alimsindikiza mgonjwa nje, akamwona mtakwimu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na sare yake ilikuwa ile ile. Alivuka ukumbi akasimama mbele ya benchi.

"Ndiyo," alimwambia.

Kisha akageuka kwa wengine. "Anayefuata."