Sepetu Ukutani kwa Kina Skelwith

—Haya, chora! Bibi Skelwith alimsukumia Tamsin brashi. —Kila bibi harusi wa nyumba hii huchora nembo ya ukoo wake hapa juu ya meko. Simba yule, tai yule. Kwenu mna mnyama gani?

Tamsin akacheka. Alikuwa mwalimu wa watoto mle jumbani, binti wa mchimba makaburi wa kanisa la kijijini. Maneno ya namna hiyo aliyazoea kabla ya kuota meno.

—Kwetu hatuna mnyama, Bibi Mkubwa. Tuna kazi. Tumewazika nyinyi vizazi vitatu.

—Everard, unamsikia mchumba wako?

Everard alisimama dirishani, uso umekunjamana.

—Tuiache harusi, Tamsin. Si kwa nembo, ni kwa damu yangu. Wanaume wa ukoo huu hurukwa na akili wakitimiza thelathini. Mimi natimiza mwezi ujao.

—Nani kakwambia?

—Mama. Tangu nanyonya.

—Babu yako alikufa na miaka mingapi?

—Hayo hayakuhusu! Bibi Skelwith akadakia.

—Themanini na miwili, imechongwa kwenye jiwe. Na wiki moja kabla hajafa alikuja kukagua shimo lake. Akamwambia baba, "Birtwhistle, limepinda kushoto." Baba akapima. Limepinda kweli! Mwendawazimu gani ana jicho la seremala?

—Na baba yangu? Everard aliuliza taratibu. —Alipiga kelele mnarani.

—Homa, siku tatu. Homa humfanya hata askofu aweweseke.

Everard akamgeukia mama yake. Bibi Skelwith akaketi, ghafla mdogo.

—Ukioa utaniacha, mwanangu. Hofu ndiyo kamba pekee niliyokuwa nayo.

—Sasa nani anaondoka? Tamsin akamuuliza. —Mimi ndiye ninayehamia hapa!

Akachovya brashi. Kati ya simba na tai akachora sepetu.

—Wewe ulilelewa na hofu, Everard. Mimi nililelewa na hii. Chagua.

Everard akamshika mkono uliojaa rangi, hakuuachia.

Harusi ilifungwa siku Everard alipotimiza thelathini, akili zake timamu. Mzee Birtwhistle, ndani ya koti la kuazima, akaitazama nembo.

—Mpini umepinda kushoto.

Mgeni mmoja mwenye cheo akacheka puani.

—Ukoo gani huo, Bibi Skelwith?

Bibi Skelwith akainua kidevu.

—Wa mkwe wangu. Na ongea nao vizuri, bwana. Siku moja utawahitaji.